Nimehama programu zote, sasa mume wangu anauliza ninaficha nini

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi Uyole hapa Mbeya. Nina steshenari ndogo: natoa kopi, nachapa barua na wasifu wa kuombea kazi, nasaidia vijana kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo na ya ajira mtandaoni. Mume wangu ni dereva wa Fuso, anapeleka viazi Dar es Salaam. Katika siku saba za wiki, tano yuko barabarani, kwa hiyo ndoa yetu kwa sehemu kubwa inaishi ndani ya simu.

Desemba iliyopita mtaji ulinikatikia. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na huo ndio msimu wangu, lakini sikuwa na rimu wala madaftari. Nikatumiwa ujumbe wenye kiungo cha programu ya mikopo. Nikapakua. Ikawa inaniuliza ruhusu hiki, ruhusu kile, nami nabonyeza tu ruhusu, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye ile hela. Niliomba shilingi 150,000, ikaingia pungufu, na siku za kurejesha zikawa saba. Nilichelewa siku tatu.

Shangazi, walituma ujumbe kwa kila jina lililokuwamo kwenye simu yangu. Kwamba mimi ni tapeli, nimekimbia na hela za watu, na anayenifahamu aniambie nilipe. Aliupata mama mkwe wangu kule Tukuyu. Aliupata mwenyekiti wa jumuiya. Waliupata walimu wanaoniletea mitihani kuchapa. Na mume wangu aliupata akiwa Ruaha Mbuyuni, anakula na madereva wenzake, wala hakuwa anajua kwamba nimekopa. Alilipa deni siku hiyohiyo. Aliporudi hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Ungeniambia." Bora angenigombeza.

Baada ya hapo nilikuwa naona aibu hata kushika simu. Aliyenitoa kwenye lile giza ni mtoto wa dada yangu anayesoma chuo hapa Mbeya. Aliniambia, "Mama mdogo, hiyo simu si yako, ni ya hao wanaoisoma." Akaanza kunifundisha habari za programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaweza kufungua na kuona zimeandikwaje, na ambazo haziishi kwa kuuza habari za mtumiaji. Nilikuwa najifunza usiku watoto wakishalala. Nikaweka kivinjari cha Firefox pamoja na kizuia matangazo. Ramani nikaweka Organic Maps, ambayo ukishapakua mkoa wako haikuli bando. Maneno ya siri nikayafungia kwenye KeePassXC. Nilifuta Facebook, nikafuta WhatsApp, nikahamia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na Windows 10 ambayo fundi alituwekea bila leseni. Kijana akaiondoa yote akaweka mfumo huria wa Linux Mint, na LibreOffice ya kuchapia kazi. Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Mtu wa kidato cha nne, nimekaa mbele ya mashine na ninajua kinachofanyika ndani yake. Hata kaunta buku ninamoandika maneno ya siri ya wateja wangu ili wasisahau, nimeihamishia yote kwenye KeePassXC.

Kisha mambo yakaanza kunigeuka. Kijana mmoja alileta wasifu wake kwenye flashi nimchapie. Nilipoufungua, mistari ilikuwa imehama na picha yake imeangukia ukurasa wa pili. Alikuwa anawahi basi, akaniambia, "Mama, umeniharibia." Sehemu ya kuskani kwenye printa imegoma kabisa tangu tubadilishe. Wateja wanavuka barabara kwa jirani.

Mjomba wa mume wangu alifariki huko Rungwe, na taarifa ikawekwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kila mtu alidhani nimeiona. Nilijua siku mbili baada ya mazishi.

Na mume wangu mwenyewe. Nilimbembeleza akakubali kuweka Signal. Kijana alikuwa amenitegea ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku moja, nami sikulitilia maanani. Siku hiyo mume yuko Mikumi, anatafuta ujumbe wa sauti niliomtumia jana yake wenye maelekezo ya mnunuzi, haupo. Akanipigia. "Mama watoto, safari hii unaficha nini?" Hilo neno "safari hii" ndilo linaloniamsha usiku.

Kijana ananiambia nisiyumbe, kwamba kurudi nusu ni kurudi kote. Wifi yangu anasema, sisi watu wa kawaida tuna siri gani ya kuibiwa? Mimi sitaki kurudi kuwa yule mtu wa kubonyeza ruhusu, ruhusu. Lakini siwezi kupoteza ndoa na kazi kwa ajili ya programu za simu. Nifanyeje, Shangazi?

Mama wa Steshenari, Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja: pale mume wako anapopokea ujumbe ule akiwa na sahani mbele yake na wenzake pembeni. Nitarudi hapo. Nianze kwanza na wewe, maana umeandika barua ndefu kuhusu aibu na hakuna mahali ulipojipa pole.

Pole sana. Wewe ulichelewesha deni siku tatu. Walichofanya wao ni kumvua mtu nguo mbele ya ukoo wake na wateja wake. Hayo mawili hayalingani, hata kama moyo wako umeyaweka kwenye mzani mmoja. Wala hukuwa peke yako: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo lenye orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Kama zile jumbe bado ziko kwenye simu ya mama mkwe au ya mwalimu mmojawapo, omba wakupigie picha ya skrini kabla hazijafutika. Kama utalalamika au hutalalamika, utaamua mwenyewe ukiwa umetulia. Kulalamika kuna uchungu wake, kwa sababu kunakulazimu usimulie upya jambo ulilotaka lisahaulike.

Sasa nataka tuangalie pamoja kilichotokea kwenye simu, taratibu, kwa sababu nadhani ndipo fundo lilipo. Ile programu haikuvunja mlango. Iliomba kusoma majina yako, ukairuhusu, ikayanakili na kuyapeleka kwa wenyewe. Tangu Android ya sita, ya mwaka 2015, simu humuuliza mwenyewe kabla programu haijasoma majina, picha au mahali alipo. Na tangu mwisho wa Mei 2023 duka la Google Play limezikataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za mkopaji, ila kiungo cha kupakulia nje ya duka, kama ulichotumiwa wewe, kinaikwepa kanuni hiyo.

Kwa hiyo nikuulize kwa upole: katika yote uliyoyabadilisha, kipi kingezuia lile lililokupata? Firefox isingezuia. Signal isingezuia, wala Linux Mint kwenye kompyuta ya ofisini. Kilichokuwa kinahitajika ni neno moja, "kataa", lililokuwa pale kwenye skrini siku ileile. Na majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi kwa kufuta programu. Namba ya mama mkwe wako iko kwenye kompyuta ya mtu ambaye hatumjui. Sikuambii haya kukuvunja moyo. Yale uliyojifunza ni mazuri na yana kazi yake. Ila naona kama ulipigwa upande mmoja ukajenga ukuta upande mwingine, kisha ukuta huo ukaangukia watu ambao hawakukupiga. Leo, ukipata nusu saa, fungua mipangilio ya simu yako, uingie kwenye programu, halafu ruhusa, uone ni nani bado anasoma majina yako. Tochi inayotaka majina ya watu, kwa mfano, unaiuliza ya nini.

Kijana wako amekupenda kwa vitendo, na mshukuru. Lakini ile kauli yake, kurudi nusu ni kurudi kote, ningependa uigeuzegeuze kabla hujaimeza. Kuna vitu unavyotumia peke yako. Kivinjari ni chako, kama sufuria zako jikoni. Ukibadilisha leo hakuna jirani atakayelala njaa. Ramani ni hivyohivyo, na Organic Maps inatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kawaida tangu 2004, na mume wako barabarani huenda akaifurahia kuliko wewe. Hayo uliyahama na hayakukugharimu kitu. Nimeipitia barua yako yote na sijaona hata lalamiko moja kuhusu Firefox.

Lakini programu ya mawasiliano ni njia, na njia haihamishwi na mtu mmoja. Ukoo mzima wa mume wako unapita WhatsApp. Ulipoondoka wao walibaki palepale wakikusubiri. Ya msiba nitayapita haraka, maana dawa yake unaijua kuliko mimi: panda gari uende Rungwe, ukae na wafiwa, upeleke rambirambi kwa mkono wako, useme "sikupata taarifa, nisameheni". Watasamehe. Umesema ulijua siku mbili baada ya mazishi, lakini hukusema kama ulikwenda.

Kuhusu WhatsApp na Signal zenyewe, hebu nikupe picha kamili zaidi ya ile uliyopewa, kwa sababu tofauti yake ipo ila si ile watu wanayoidhania. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014. Tangu 2016 inafunga jumbe zake kwa ufundi uleule uliotengenezwa na watu wa Signal, kwa hiyo maneno unayomwandikia mumeo hayasomwi na wenye kampuni. Wanachokiona ni nani anawasiliana na nani, lini, mara ngapi. Signal inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida. Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wawili wa WhatsApp, aliondoka huko 2017, na mwaka uliofuata akatoa dola milioni 50 kuianzisha taasisi hiyo. Inachohifadhi kuhusu mtumiaji ni kidogo mno. Mimi naiheshimu sana. Lakini mtu mwenye Signal na WhatsApp kwenye simu moja, WhatsApp ikiwa imenyimwa majina na mahali, na ikiwa imewekewa ile namba ya siri ya tarakimu sita ili akaunti isitekwe, hajarudi alipokuwa Desemba. Yuko mahali pengine kabisa. Ukichagua hivyo, gharama yake ni kwamba Meta, ndilo jina jipya la kampuni ya Facebook, itaendelea kujua unawasiliana na nani, na kijana wako atanuna kidogo. Ukichagua kubaki Signal tu, gharama yake umeshaionja, labda umpate mtu mmoja kwenye ukoo, wifi kwa mfano, atakayekubali kukupigia kila linapotokea jambo. Kumbuka tu kwamba huko ni kumtwika mwingine mzigo wa uamuzi wako, na ataubeba kwa muda.

Kuna hili la huria pia. Huria maana yake unaruhusiwa kuiona programu ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa mwenzako. Haimaanishi moja kwa moja kwamba ni salama. Machi 2024 ilibainika kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri kwenye programu ndogo iitwayo xz, ambayo hutumiwa ndani ya mifumo mingi ya Linux. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta moja kunachelewa kwa nusu sekunde. Kwa kuwa programu ilikuwa wazi, aliweza kuifungua na kuona. Hapo utaona udhaifu na nguvu vikiwa pamoja, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu anayeanza akiambiwa akishahamia huko amefika.

Nije kwa mumeo.

Umeandika kwamba aliuliza "safari hii unaficha nini", nawe umelisikia hilo kama shtaka dhidi ya Signal. Mimi nimelisikia tofauti. Mtu huyu alijua habari ya mkewe kutoka kwa mtu asiyemjua, mbele ya wenzake. Alilipa. Alisema "Ungeniambia", na tangu siku hiyo, kwa jinsi ulivyoandika, hamjawahi kukaa mkaliongea. Badala yake mkewe akaanza kukesha na simu, akafuta mahali walipokuwa wakizungumza kila siku, akamwomba ahamie programu asiyoijua, na huko jumbe zikaanza kutoweka. Wewe unajua ulikuwa unajenga ulinzi. Yeye kila alichokiona kilifanana na kuficha.

Katiba yetu, kwenye Ibara ya 16, inataja hifadhi ya nafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake na mawasiliano yake. Napenda kwamba unyumba umo, umetajwa kwa jina. Faragha ni ua unaozunguka nyumba, na ndani ya ua huo mnaweza kuwa wawili. Kuficha ni kuweka ua katikati ya kitanda. Ule mkopo, mwanangu, ulikuwa wa aina hiyo ya pili, na nadhani unalijua, ndiyo maana "Ungeniambia" inauma kuliko matusi. Hakuna programu ya huria wala ya kulipia itakayoliponya hilo.

Sikwambii cha kumwambia. Nakuuliza tu: je, umewahi kumuuliza ilikuwaje kwake pale Ruaha Mbuyuni? Wenzake walisema nini? Alikula kile chakula au alikiacha? Na yeye, je, anajua kwa nini hukumwambia kuhusu mkopo? Labda uliogopa atakuona umeshindwa biashara. Labda yeye mwenyewe alikuwa na madeni hukutaka kumwongezea. Barua yako haisemi, na sidhani ni kwa bahati mbaya.

Kuhusu ule muda wa kujifuta, kwenye Signal yeyote kati yenu anaweza kuuondoa kwenye mazungumzo yenu. Mnaweza kuuondoa pamoja, yeye ndiye abonyeze. Unaweza kuubakiza kwa sababu zako, lakini basi azijue sababu hizo. Jiandae pia kwa jambo moja gumu: anaweza kukutaka umpe neno lako la siri la kila kitu. Kuna wanandoa wanaoachiana simu wazi na wanaishi vizuri. Kuna wengine ambao kufunguliana huko kuligeuka ukaguzi wa kila jioni, na ukaguzi hauna mwisho. Wapo walioandika neno kuu la siri kwenye karatasi, wakaitia kwenye bahasha, wakaifunga na kuiweka pamoja na hati za kiwanja, ifunguliwe mmoja akiugua au akifariki. Hilo la bahasha lifikirie hata kama yeye hatauliza, kwa sababu KeePassXC haina mtu wa kumpigia simu ukisahau neno kuu. Likipotea, na vyote vilivyomo vimekwenda. Na faili lenyewe linakiliwe kwenye flashi iliyo mbali na ofisi.

Sasa kaunta buku. Ulilitaja kwa mstari mmoja, tena kwa fahari, na nakuelewa, lakini mimi limenikalisha chini. Nafahamu steshenari zetu zinavyofanya kazi, Mbeya kama Iringa. Kijana anakuja hana barua pepe, unamfungulia, unamwekea neno la siri, unaliandika kwenye daftari, naye anaondoka akijua akisahau atarudi kwako. Humo ndani kuna akaunti za ajira, za mikopo ya chuo, namba za NIDA, vyeti. Wewe uliyechukuliwa majina ya watu wako umekaa juu ya majina ya watu wengine. Hukuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini je, walikuruhusu uyaweke? Wanajua kwamba sasa yamo ndani ya kompyuta? Na ile kompyuta yenye Windows isiyo na leseni, kabla hujaifuta, ilikuwa imeingiwa na nani? Sheria niliyoitaja hapo juu inamgusa kila anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu, kwa hiyo inaweza kukugusa hata wewe mwenye meza moja.

Njia zipo kadhaa na hakuna iliyo nyepesi. Unaweza kumfanya mteja atunge neno lake mwenyewe, aliandike kwenye karatasi yake, nawe usilione. Umfungulie akaunti kwenye dirisha la faragha la Firefox, ambalo ukilifunga halibaki na kumbukumbu, na kazi ikiisha ufute mafaili yake mbele yake. Hasara yake naijua: mwezi ujao atarudi amesahau, atakasirika, na ile shilingi elfu moja ya kumfungulia tena utaikosa. Unaweza kuendelea kumtunzia yule anayetaka, ukimwambia wazi mahali unapoyaweka, na ukifuta akishapata kazi. Hapo unabeba dhamana ya kweli, na siku kompyuta ikiibwa utawapigia simu mmoja mmoja. Mimi ningependa, na hili ni pendo langu tu, siku moja ubandike karatasi mlangoni: hapa faili lako linafutwa ukiwa unatazama. Huyo jirani wa ng'ambo ya barabara sidhani kama anayo karatasi hiyo.

Kuhusu mashine yenyewe nitakuwa mfupi. Kuondoka Windows 10 hakukuwa kosa. Ilifika mwisho wa kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na yenu haikuwa hata na leseni. Mstari kuhama kwenye wasifu mara nyingi ni suala la herufi. Mteja kaandika kwa Calibri, mashine yako haina Calibri, ikaweka nyingine pana zaidi na kila kitu kikasukumwa. Kuna herufi huria ziitwazo Carlito na Caladea, zilizopimwa upana uleule wa Calibri na Cambria, kijana azipakue. Waombe wateja walete wasifu ukiwa PDF kila inapowezekana, na wewe ukimaliza kuchapa umpe PDF. Kwa printa, kijana atafute draiva ya Linux, yaani programu ya kuiendesha, kwa mtengenezaji wake. Ikishindikana, mnaweza kuweka Windows yenye leseni sambamba na Mint kwenye mashine moja, au kununua kompyuta nyingine iliyotumika kwa ajili ya kuskani tu. Hayo yote ni hela, na wewe ndiye unayejua droo ina nini. Kosa dogo ninaloliona ni la haraka: Linux Mint huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, na siku hiyo mngeligundua tatizo la kuskani kabla ya wateja.

Kijana akija na wazo la VPN, ile programu ya kuficha unakoingia mtandaoni, mwambie asubiri. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba wanaotumia VPN wawasilishe taarifa zao kwake. Mwenye biashara na leseni ukutani ana cha kupoteza kuliko mwanafunzi.

Na wifi yako, anayesema watu wa kawaida hawana siri. Usibishane naye. Mwulize tu kama angependa ule ujumbe ungetumwa kwa majina yaliyomo kwenye simu yake.

Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice unayochapia wewe ilichipuka mwaka 2010 kutoka kwenye shina hilohilo la OpenOffice. Nimekutajia kwa sababu umesema "mtu wa kidato cha nne" kama mtu anayeomba radhi kuwa ndani ya chumba. Chumba hicho watu wa lugha yako walishaingia zamani, wakakichapia maneno yake.

Mzigo wa viazi ukishashushwa, mumeo atapanda tena mlima Kitonga kurudi nyumbani. Chagua jioni ambayo hajachoka sana, watoto wamelala, simu zote mbili ziko kwenye chaji chumba kingine. Baada ya hapo, niandikie tena. Barua hii ya kwanza imejaa sauti yako, ya kijana na ya wifi. Yake ina maneno saba tu, nimeyahesabu. Ya pili ningependa nimsikie na yeye.

Wako,
Shangazi